Kigoda cha Grainda na Thumuni ya Inchi

Baba mdogo ana vidole tisa na nusu. Tulipokuwa watoto alituambia kwamba nusu iliyopungua, ile ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, ililiwa na mamba wa mto Ngerengere. Tulipokua kidogo mamba akageuka fisi, na nilipoingia chuo kikuu nikaacha kuuliza, maana kila aliyeuliza alipewa mnyama wake. Mwaka jana ndipo nilipoambiwa ukweli, na mnyama mwenyewe nikaonyeshwa: grainda ya mezani, rangi ya kijani iliyobabuka, mawe mawili, moja kila upande, na upande wa kulia tundu la bolti lisilo na bolti.

"Mamba mwenyewe ndiye huyu," akasema.

Alikuwa ameniita Morogoro kwa jambo la kifamilia. Mtoto wake wa mwisho amemaliza chuo cha ufundi na anaanza kazi kwenye karakana ileile ya uani. Mzee anamwachia kila kitu: jiliwa, fuawe, mashine ya kuchomelea, tupa zake zote. Grainda pia anamwachia, ila kwa sharti moja. Kwanza itengenezewe kigoda kipya. Kigoda ndilo jina lake la kile kipande cha chuma kinachokaa mbele ya jiwe, ambacho fundi anaegemeza patasi au kisu wakati wa kunoa. Alitaka tukitengeneze watatu: kijana afanye kazi, yeye asimamie, na mimi niandike vipimo. "Wewe si ndiye mwenye kalamu?"

Nilikwenda nikidhani nitakaa siku moja. Nilikaa tatu, na niliporudi Dar nikajikuta nasoma habari za mawe ya kunolea mpaka usiku wa manane. Kipande chenyewe hakizidi kiganja cha mtu mzima, lakini kina historia ndefu, na historia hiyo inaonyesha mkono wa nani ulihesabiwa kuwa wa kulindwa na wa nani uliachwa ujilinde wenyewe.

Msasa, kinoo, cherehe

Tuanze na maneno, maana najua wasomaji wa hapa hamtanisamehe nikiyaruka. Kiswahili kina ukoo mzima wa maneno ya kusugua na kunoa. Kuna kinoo, jiwe dogo la kunolea kwa mkono. Kuna tupa. Kuna msasa, ambao leo kila mtu akiusikia anafikiria karatasi ya dukani, kumbe msasa ni mti kwanza. Ni jamaa ya mkuyu, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi seremala waliyatumia kulainisha mbao muda mrefu kabla ya karatasi yoyote kuletwa kwa meli. Karatasi ilipofika ikapewa jina la mti, kwa sababu kazi ni ileile.

Halafu kuna cherehe. Neno hili siku hizi halisikiki sana, lakini kamusi za zamani zinalo: gurudumu la kunolea visu. Asili yake ni Kiajemi, neno lenye maana ya gurudumu, na kutoka shina hilohilo wenzetu wa India wana gurudumu la kusokotea pamba ambalo Gandhi alilifanya alama ya kudai uhuru, na sisi tuna cherehani. Kwa hiyo mshonaji wa barazani na mnoaji visu anayepita mtaani na baiskeli wanatumia, kwa lugha, mashine moja. Wote wanazungusha.

Na kuna kukereza, neno la pwani lililotupa vitanda vyenye miguu ya duara iliyochongwa kwa kuzungushwa. Mkerezaji naye anahitaji mahali pa kuegemeza patasi. Bila egemeo, mti unaozunguka unampokonya chombo. Jina la egemeo lenyewe sikulikuta katika kamusi nilizonazo, kwa hiyo nabaki na la baba mdogo: kigoda.

Watu wawili na upanga mmoja

Mchoro wa kale maarufu kuliko yote wa jiwe la kunolea lenye mkono wa kuzungushia umo ndani ya kitabu cha Zaburi cha karne ya 9, kilichotengenezwa karibu na Reims, Ufaransa, na sasa kinahifadhiwa Utrecht, Uholanzi. Mchoraji anaonyesha kambi mbili zikijiandaa kwa vita. Upande mmoja wananoa kwa kinoo cha kawaida. Upande mwingine, wa watu wema, mtu mmoja anazungusha jiwe la duara na mwenzake anakandamiza upanga juu yake. Wanahistoria wa teknolojia wanaupenda mchoro huu kwa sababu ya ule mkono wa kuzungushia. Mimi nilivutiwa na huyu wa pili, anayeshika upanga. Jiwe linazunguka kwa nguvu ya mwenzake, polepole. Likikwama, mwenzake anaacha kuzungusha, basi. Egemeo lake ni mwenzake.

Hiyo ndiyo hali ya mwanzo ya kazi hii, na nadhani ndiyo sababu kwa karne nyingi hakuna aliyehangaika sana na kigoda. Shida inakuja pale anayezungusha anapokuwa si mtu tena.

Sheffield

Mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, umejulikana kwa visu tangu zamani mno. Chaucer, akiandika mwishoni mwa karne ya 14, amempa msaga nafaka mmoja katika hadithi zake kisu cha Sheffield, na msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mji umezungukwa na vijito vinavyoshuka kwa kasi kutoka vilimani: Rivelin, Loxley, Porter, Sheaf. Kufikia karne ya 18 vijito hivyo vilikuwa na zaidi ya magurudumu 100 ya maji, na mengi yalizungusha mawe ya kunolea. Baadaye ikaja mvuke.

Mnoaji wa Sheffield alikaa kwa kutanua miguu juu ya kiti cha mbao walichokiita farasi, nyuma ya jiwe kubwa la mchanga. Jiwe lilizunguka kwenda mbele, mbali naye. Alilaza kisu juu ya jiwe na kukikandamiza kwa mikono, viwiko na uzito wa mwili mzima. Hakuwa na kigoda, na ukifikiri utaona hakukihitaji kwa namna tunayokihitaji sisi: kisu kikimponyoka kinarushwa mbele. Kilichomuua mnoaji wa Sheffield kilikuwa kitu kingine. Mara nyingine jiwe lenyewe lilipasuka na kuruka vipande. Lakini zaidi ya yote ilikuwa vumbi.

Friedrich Engels, katika kitabu chake cha mwaka 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza, anatumia maelezo ya daktari mmoja wa Sheffield aitwaye Knight. Walionoa kwa jiwe kavu, kama wanoaji wa uma, kwa wastani hawakufika miaka 35 au waliivuka kwa shida. Walionoa kwa jiwe lenye maji walifika 45 mara chache. Vumbi la jiwe la mchanga lilijaa mapafuni na kuyageuza makovu.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa ilikuwepo. Vifaa vya kunasa vumbi la chuma kwa sumaku na vya kulivuta nje kwa hewa vilibuniwa mapema karne ya 19. Wanoaji wengi hawakuvitaka. Hesabu yao ilikuwa hivi: kazi hii inalipa vizuri kwa sababu inaua, na ikiacha kuua watakuja watu wengi kuifanya na ujira utashuka. Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu. Ni rahisi kuwaita wajinga. Lakini mtu ambaye bidhaa pekee aliyonayo sokoni ni hatari ya kazi yake, ukimwondolea hatari bila kumpa kitu kingine, umemwondolea mshahara.

Jiwe la kutengenezwa

Grainda ya baba mdogo haina jiwe la mchanga. Ina jiwe la kutengenezwa, na hilo ni jambo la juzi tu. Mwaka 1873, huko Worcester, Massachusetts, mfinyanzi mmoja mhamiaji kutoka Sweden, Sven Pulson, akifanya kazi kwenye karakana ya vyungu ya Frank Norton, alichanganya udongo wa mfinyanzi na chembe ngumu za madini na kuzichoma kwenye tanuri. Likatoka gurudumu la kunolea lililo sawasawa pande zote, gumu, lisilotegemea bahati ya mlima. Yaani jiwe la grainda, kwa ukoo, ni chungu. Ndiyo maana linapimwa kama chungu. Mama zetu sokoni wanagonga mtungi na kusikiliza: ukilia vizuri ni mzima, ukitoa sauti ya kufa una ufa. Fundi anayejua kazi anafanya vilevile kabla ya kufunga jiwe jipya. Baba mdogo alilining'iniza jiwe kwenye bisibisi, akaligonga na mpini wa mbao, akamwambia kijana: "Sikiliza. Likisema 'tii' funga. Likisema 'tuk' tupa."

Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson, katika majaribio yake ya umeme na udongo na makaa, alipata fuwele ngumu karibu sawa na almasi. Akaziita kaborandamu. Mwanzoni ziliuzwa kwa uzito wa vito, kwa wanaosugua vito. Miaka michache baadaye kiwanda chake kilikuwa Niagara, kwenye umeme wa maporomoko ya maji, na kilichouzwa kama kito kikaanza kuuzwa kama jiwe la kunolea. Ukijumlisha jiwe la kutengenezwa na mota ndogo ya umeme, unapata grainda ya mezani, mashine ambayo karne ya 20 iliipeleka kila gereji ya dunia.

Hapo ndipo kigoda kinakuwa suala la kidole. Kwanza, mwelekeo umegeuka: jiwe linashuka mbele ya fundi, linavuta kazi chini, na fundi amesimama upande wa mbele. Pili, kasi. Jiwe la milimita 150 kwenye umeme wetu linazunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Piga hesabu: ukingo wake unakimbia kilomita 80 kwa saa. Na anayezungusha safari hii si yule mwenzako wa kwenye Zaburi. Ni mota, na mota haisikii ukipiga kelele.

Mkono wa chuma

Kuna kigoda kingine, mashuhuri, ambacho kiliingia hadi kwenye vitabu vya falsafa. Kuelekea mwaka 1800 huko London, Henry Maudslay alikamilisha mashine ya kukereza chuma ambayo kishikio cha patasi kinatembea chenyewe kwenye reli, kikiongozwa na skrubu. Fundi hashiki tena patasi. Anazungusha mpini tu. Karl Marx, katika sura ya mashine kwenye *Mtaji*, juzuu la mwaka 1867, anasimama hasa kwenye kifaa hiki, na hoja yake ni kali: kilichochukuliwa nafasi hapa ni mkono wenyewe wa binadamu, chombo kimebaki kilekile.

Nilijaribu kumweleza baba mdogo habari hiyo. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema kigoda chake yeye hakichukui nafasi ya mkono wa mtu. "Kinausaidia tu usichoke." Nadhani ameeleza tofauti vizuri kuliko mimi. Kishikio cha Maudslay kilimfanya mwenye kiwanda asihitaji mkono wa ustadi. Kigoda cha grainda kinakubali kwamba mkono utabaki pale, sentimita chache kutoka kwenye jiwe, na kazi yake ni kuuwekea mpaka.

Na mpaka huo una kipimo. Kanuni za usalama kazini za Marekani, ambazo wengi duniani wanafuata kipimo chake au kinachofanana nacho, zinasema kigoda kisiwe mbali na jiwe kuzidi thumuni ya inchi. Thumuni, moja ya nane, neno lililotupa pia sumni, zile senti 50 za zamani. Ni kama milimita 3. Kanuni inaongeza kwamba kigoda kikazwe barabara kila kinaposogezwa, na kisisogezwe jiwe likiwa linazunguka. Sababu yake imeandikwa hapohapo: pengo likiwa kubwa, kazi inaingia kati ya jiwe na kigoda, inakwama, na jiwe linaweza kuvunjika. Maneno machache tu, yameandikwa kwa lugha kavu ya serikali. Nilipoyasoma niliona kidole cha baba mdogo.

Gerezani, Nguvukazi, Morogoro

Baba mdogo hakusomea ufundi. Alianza kama mfagiaji kwenye karakana ya Mhindi mmoja Dar es Salaam, akawa anashika tochi, kisha anashika spana, kisha anaachiwa kazi ndogo. Kenneth King, aliyewafuatilia mafundi wa Kenya na kuchapisha kitabu chake cha kwanza juu yao mwaka 1977, ameonyesha kwamba njia hiyo ilikuwa ya wengi: ujuzi ulitoka kwenye karakana za Waasia kwenda kwa vijana waliokuwa wameajiriwa kama vibarua, na wao wakaenda nao chini ya mti. Walipofika chini ya mti hawakuwa na mashine. Wakajitengenezea.

Baadaye baba mdogo alikuwa na nafasi yake Gerezani, pale penye kelele za nyundo kutoka asubuhi hadi magharibi. Ilipofika 1983 ikaja sheria ya Nguvukazi, na mjini ikawa kila asiye na kazi inayotambulika anaweza kuonekana mzururaji na kurudishwa kijijini. Fundi wa chini ya mti alikuwa anafanya kazi kutwa nzima na bado akawa hana kazi. Hakusubiri kukamatwa. Akabeba jiliwa na tupa, akarudi Morogoro.

Ni jambo la kutafakari kwamba miaka 11 kabla ya hapo, mwaka 1972, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limetoa ripoti kuhusu Kenya iliyosema kinyume kabisa: kwamba watu hawa wanazalisha, na kwamba serikali iache kuwasumbua. Ripoti hiyo ndiyo iliyoeneza duniani lile jina la sekta isiyo rasmi. Kenya wenyewe walikuwa na jina zuri zaidi, jua kali, kwa maana ya mtu anayefua chuma bila paa. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi alikwenda kuwaona mafundi wa Kamukunji, na vibanda vikajengwa. Mwaka 1992 ikaja sera rasmi. Huku kwetu SIDO ilikuwepo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Sisemi hakuna kilichofanyika.

Ninachosema ni kwamba sheria ya usalama ilibaki inatazama kwingine. Sheria za viwanda za miaka ya 1950, Tanganyika na Kenya, ziliandikwa kwa kufuata mfano wa Uingereza, na ziliwaza kiwanda chenye mlango, mwenye mali na rejista ya wafanyakazi. Tanzania ikapata sheria mpya ya usalama na afya kazini mwaka 2003, Kenya mwaka 2007. Katikati ya hapo kuna miaka 50 na zaidi, na kuna mamilioni ya saa ambazo mafundi walisimama mbele ya mawe yanayozunguka, uani, bila mtu wa kuwatajia thumuni ya inchi.

Kidole

Grainda aliipata mwaka 1985, kutoka kwenye karakana iliyokuwa inafungwa. Ilikuwa imetumika na haikuwa na kigoda; lile tundu la bolti lilikuwa tupu tangu siku ile. Akafanya anachofanya fundi. Akachukua kipande cha springi ya gari, akakikata, akakichomelea moja kwa moja kwenye meza yake ya chuma, karibu kabisa na jiwe. "Ilikuwa kazi safi," aliniambia, na namwamini. Siku ile pengo lilikuwa labda milimita 2. Bila kuijua kanuni yoyote, alikuwa ndani ya kanuni.

Lakini jiwe linalika. Ndiyo kazi yake, kulika. Jiwe la milimita 150 likifika 110, ukingo wake umerudi nyuma milimita 20, na kigoda kilichochomelewa kiko palepale. Milimita 20 ni upana wa kidole gumba. Fundi mwenye duka la vipuri mtaani angenunua jiwe jipya mapema. Miaka ile mawe hayakuwepo, na yakipatikana bei yake haishikiki, kwa hiyo jiwe lilitumika hadi lilipokuwa kama kisahani.

Mwaka 1986, siku ya kazi kama nyingine, alikuwa ananoa kipande kifupi cha chuma. Kikamezwa. Kidole kilichokuwa kinakikandamiza kikafuata. Jiwe likapasuka, kipande kimoja kikatoboa bati la paa, na tundu lile bado lipo, limezibwa na lami.

Kwa nini mamba, kwa nini fisi? Nilimuuliza. Akasema kwamba fundi aliyekatwa na mashine yake mwenyewe, tena kwa kigoda alichokitengeneza mwenyewe, wateja wanamwogopa. Mtu akisikia kidole kililiwa na mamba anacheka na kuacha baiskeli yake itengenezwe. Kwa miaka zaidi ya 30 alibeba lile kosa kama siri ya aibu.

Mimi siioni kama aibu yake. Tunapenda sana kusifia ubunifu wa fundi wa jua kali, na sisi waandishi wa habari ndio wa kwanza: picha ya mtu aliyeunda mashine kwa vyuma chakavu, kichwa cha habari chenye neno "kipaji". Nimeziandika habari hizo mwenyewe. Ila ule ubunifu mara nyingi ni namna ya kuziba pengo ambalo mtu mwingine alipaswa kuliziba. Aliyeuza grainda bila kigoda hakuulizwa. Mota ilivuka bahari, jiwe likavuka bahari, ila maneno yale machache kuhusu thumuni ya inchi hayakuvuka. Baba mdogo alivumbua upya sehemu moja ya maarifa, kwamba kigoda kikae karibu. Sehemu ya pili, kwamba kitembee jiwe linapolika, aliilipia.

Mwanya mrefu

Kigoda kipya tulikitengeneza hivi. Chuma bapa cha unene wa milimita 6 na upana wa 40 kilikatwa vipande viwili. Kimoja kilikunjwa kuwa pembe mraba: upande mmoja ulale mezani, mwingine usimame. Cha pili ndicho cha kuegemea, kilichomelewa juu ya kile cha kwanza, kikaelekezwa kwenye jiwe, usawa wake chini kidogo tu ya kitovu cha jiwe. Hadi hapo ni kigoda kilekile cha 1985.

Tofauti iko kwenye ule upande unaolala mezani. Kijana alitaka kutoboa tundu mbili za bolti na kukaza, yaishe. Mzee akakataa. Akamchorea kwa chaki, badala ya tundu mbili, mianya miwili mirefu, kila mmoja milimita 30. Mwanya hautobolewi mara moja. Unatoboa tundu nne zinazofuatana, unakata kuta zilizo katikati, kisha unasawazisha na tupa, taratibu, ukipimisha bolti mpaka iteleze bila kucheza. Kijana alitumia karibu saa tatu kwa mianya miwili, jasho linamtoka, na mara mbili aliniangalia kama anayesema huyu mzee ananionea. Mimi niliandika vipimo na kunyamaza.

Kisha tukafunga: bolti, nati, washa pana juu ya kila mwanya. Ukilegeza nati, kigoda kinasogea mbele kufuata jiwe. Ukikaza, hakitikisiki. Pengo hatukulikadiria kwa macho. Mzee alitoa biti ya kutobolea ya milimita 3, akaipitisha wima kati ya kigoda na jiwe. Iliingia kwa kubanwa kidogo. Akachukua waya, akaifunga ile biti kwenye mguu wa meza, akamwambia mwanawe:

"Hii si ya kutobolea tena. Kila Jumatatu, umeme ukiwa umezimwa, unapima. Ikiingia na kucheza, unasogeza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Na jiwe likifika hapa," akachora alama ya chaki kwenye kifuniko, "unanunua jingine. Hela ikikosekana unakuja kwangu, au unampigia kaka yako huyu wa magazetini."

Tukacheka. Halafu mzee akawasha, akasimama pembeni hadi jiwe lilipokamata kasi yake, akavaa miwani ya kijana, akanoa patasi moja. Aliegemeza mkono wa kushoto kwenye kigoda, kile kidole kifupi kikiwa chini ya chuma. Cheche zikashuka sawasawa. Alipomaliza aliipitisha patasi kwenye kucha ya kidole gumba, akaridhika, akamkabidhi mwanawe.

Niliporudi Dar nilimtumia kijana ile kanuni ya thumuni, nimeitafsiri kwa Kiswahili, mistari mitatu, akaiandika kwa rangi nyeupe ukutani juu ya meza. Mwezi uliopita nilimpigia simu kwa mambo mengine kabisa. Kabla hatujaagana akaniambia, bila kuulizwa, kwamba amekwisha kusogeza kigoda mara mbili, na kwamba biti bado imefungwa mguuni pa meza.